Historia ya Uchaguzi wa Ubunge Lang'ata na Kibra: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila msimu wa siasa unapokaribia jijini Nairobi, maswali yale yale kuhusu kiti cha Lang'ata, na kile cha Kibra kilichotokana nacho, huibuka upya. Wengi huamini kwamba kiti hicho kilikuwa mali ya mtu mmoja na jamii moja tangu enzi na enzi. Kumbukumbu zinaonyesha mambo tofauti. Kabla ya Raila Odinga, wapiga kura wa hapa walikuwa wamemchagua Mnubi, kisha mfanyabiashara Mkikuyu, kisha Mzungu, na hata miaka 20 ya Raila mwenyewe haieleweki vizuri mpaka mtu atazame sheria na mipaka iliyokuwapo wakati huo. Majibu yafuatayo yanajaribu kuviweka vitu hivyo viwili, yaani watu na kanuni, pamoja.

Lang'ata na Kibra ni eneo bunge moja au mawili?

Tangu uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 ni maeneo bunge mawili, kila moja likiwa na mbunge wake. Kabla ya hapo lilikuwa moja tu, Lang'ata, nalo lilikuwa miongoni mwa maeneo bunge 8 ya Nairobi. Mtu anaposema kwamba Raila alikuwa mbunge wa Kibra, anasema jambo linaloeleweka mitaani, kwa kuwa sehemu kubwa ya kura zake ilitoka huko, lakini kisheria hakuwahi kuwa mbunge wa Kibra. Alikuwa mbunge wa Lang'ata kuanzia 1992 hadi 2013, naye aliondoka Bungeni wakati ule ule kiti cha Kibra kilipozaliwa.

Kwa nini wengine huandika Kibra na wengine Kibera?

Kibra ni neno la Kinubi lenye maana ya msitu, nalo ndilo jina la asili. Wanubi ni wazao wa askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la mkoloni la King's African Rifles, na walianza kupewa makazi kwenye msitu huo mwanzoni mwa karne ya 20. Kibera ni matamshi yaliyokuja baadaye na kuenea kwenye ramani, magazeti na mazungumzo ya kila siku. Tume ya uchaguzi ilipochora mipaka mwaka 2012, eneo bunge liliitwa Kibra. Katika majibu haya, Kibra ni jina la eneo bunge, na Kibera ni jina la makazi yenyewe kama wengi wanavyoyaita.

Jina hilo lilibeba uzito wa kisiasa. Kwa Wanubi, ambao kwa miongo mingi walihesabiwa kama wageni katika nchi waliyozaliwa na hata vitambulisho vyao vikawa vya kupatikana kwa shida, kuona neno la lugha yao kwenye karatasi rasmi za kupigia kura kulikuwa ni kutambuliwa.

Ni nani waliokuwa wabunge kabla ya Raila Odinga?

Katika uchaguzi wa tarehe 6 Desemba 1969 kiti kilichukuliwa na Yunis Ali, Mnubi. Mwaka 1974 kikaenda kwa Mwangi Mathai, mfanyabiashara, na mwaka 1979 kikaenda kwa Philip Leakey, ambaye alirudishwa tena mwaka 1983 na 1988. Wote watatu walikuwa wa KANU, chama tawala, na haingewezekana iwe vinginevyo: chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku mwishoni mwa Oktoba 1969, wiki chache tu kabla ya uchaguzi, na tangu hapo hadi mwisho wa 1991 hapakuwa na chama kingine cha kumpa mgombea tikiti. Mchujo wa ndani ya KANU ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe.

Inafaa kusisitiza kwamba kukosekana kwa vyama vingine hakukufanya kura zisiwe na ushindani. Hapa Lang'ata mbunge alibadilika mara mbili katika chaguzi mbili zilizofuatana, 1974 na 1979. Wananchi hawakuweza kukiondoa chama, kwa hiyo walimwondoa mtu.

Je, ni kweli kwamba Wangari Maathai ana uhusiano na kiti hiki?

Ni kweli, na kwa maoni ya mwandishi huu ndio ukurasa wa historia hii unaosahauliwa kuliko wote. Mwangi Mathai alikuwa mume wa Wangari Maathai, ambaye wakati huo alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mathai aliwania mara ya kwanza mwaka 1969 akashindwa kwa kura chache, na mwaka 1974 akashinda. Katika kampeni hiyo ya pili aliwaahidi wapiga kura wa Lang'ata kazi, kwa sababu ukosefu wa ajira ulikuwa umekuwa kilio cha kila nyumba.

Uchaguzi ulipopita, Wangari hakukubali ahadi hiyo iachwe hewani. Alianzisha kampuni ndogo iliyoitwa Envirocare, ambayo ingewaajiri watu wa kawaida kuotesha na kupanda miti, na kitalu chake cha kwanza kikawa katika msitu wa Karura pamoja na kitalu cha serikali. Kampuni hiyo haikudumu kwa kukosa fedha. Hata hivyo wazo halikufa, kwani tarehe 5 Juni 1977, miti 7 ilipandwa katika bustani ya Kamukunji, na hapo ndipo vuguvugu la Green Belt lilipoanzia. Mwaka 2004 Wangari akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mathai alikuwa amekipoteza kiti chake mwaka 1979, na mwaka huo huo ndoa yao ikavunjwa mahakamani. Ahadi ya kazi iliyotolewa kwa wapiga kura wa Lang'ata ilikuwa imeota mizizi mahali ambapo aliyeitoa hakutarajia.

Mzungu alichaguliwaje katika eneo lenye Kibera ndani yake?

Philip Leakey alizaliwa Kenya, mwana wa Louis na Mary Leakey, wale watafiti waliochimbua mabaki ya binadamu wa kale Afrika Mashariki. Kulikuwa na Wazungu wengine katika Bunge na Baraza la Mawaziri miaka ya mwanzo ya uhuru. Jambo geni la 1979 ni kwamba Leakey alisimama mbele ya wapiga kura ambao walio wengi sana walikuwa Waafrika, akashindana na Waafrika, akashinda. Alihudumu pia kama waziri msaidizi katika serikali ya Rais Daniel arap Moi.

Wapo wanaoueleza ushindi huo kwa kura za Karen peke yake, mtaa wa mashamba na nyumba kubwa ambako Wazungu wengi waliishi. Maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa idadi ya watu wa Karen ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na ya Kibera na mitaa ya wafanyakazi iliyozunguka. Maelezo yenye mashiko zaidi ni kwamba katika eneo lenye Wanubi, Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Wakamba na wengine, kukiwa na chama kimoja, mgombea asiyetoka katika jamii yoyote kubwa aliweza kuwa kimbilio la wote.

Mlolongo ulikuwa nini?

Ni utaratibu uliotumika katika mchujo wa KANU mwaka 1988, ambapo wapiga kura walipanga foleni hadharani nyuma ya mgombea wao au picha yake na kuhesabiwa kwa vichwa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya foleni alitangazwa kuwa amepita bila kupingwa, pasipo kura ya siri kufuata. Malalamiko yalikuwa mengi kote nchini, maana kuna mahali ambapo foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu watu wakiona kwa macho yao. Hasira ya 1988 ilichangia pakubwa kurudi kwa vyama vingi mwezi Desemba 1991.

Kwa nini Raila aliwania Lang'ata badala ya kwenda Nyanza?

Sababu ya kwanza ni ya kifamilia. Baba yake, Jaramogi Oginga Odinga, alikuwa mwanasiasa mkongwe wa Bondo, naye mwaka 1992 alikuwa akiwania urais kwa tikiti ya FORD-Kenya. Mwana alihitaji uwanja wake mwenyewe.

Sababu ya pili ni ya kihesabu. Kibera ilikuwa imejaa wapangaji kutoka magharibi mwa nchi, Waluo na Waluhya, waliohamia Nairobi kutafuta kazi katika viwanda, majengo na nyumba za watu. Wengi wao walikuwa na ardhi yao nyumbani, na hapa mjini walimiliki kura tu. Vyama vingi viliporudi, kura hizo zilipata chama cha kukusanyika chini yake kwa mara ya kwanza tangu KPU ipigwe marufuku.

Matokeo ya tarehe 29 Desemba 1992 yanaonyesha jinsi Lang'ata ilivyokuwa tofauti na Nairobi nyingine. Katika viti 8 vya jiji, FORD-Asili ya Kenneth Matiba ilichukua 6, KANU ikaambulia Westlands pekee, na FORD-Kenya ikapata kimoja tu, nacho ni Lang'ata. Raila, aliyekuwa amekaa kizuizini kwa miaka mingi baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 na ambaye Februari 1992 alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka uhamishoni Norway, aliingia Bungeni akiwa na umri wa miaka 47.

Je, ni kweli kwamba alijiuzulu kisha akachaguliwa tena katika kiti hicho hicho?

Ndiyo. Jaramogi alifariki Januari 1994, na vuta nikuvute ya uongozi wa FORD-Kenya ikafuata kati ya Raila na Michael Wamalwa Kijana. Raila aliposhindwa kukichukua chama, alihamia National Development Party, yaani NDP, chama kidogo ambacho alama yake ilikuwa trekta. Ndiko lilikotoka jina la Tinga ambalo wafuasi wake waliendelea kumwita hata baada ya trekta lenyewe kusahaulika. Kwa sheria ya wakati huo, mbunge aliyekihama chama kilichomdhamini alipoteza kiti chake. Raila alikiachia, ukaitishwa uchaguzi mdogo mapema mwaka 1997, akashinda kwa tikiti ya NDP. Miezi michache baadaye, tarehe 29 Desemba 1997, ulikuja uchaguzi mkuu na akashinda tena. Wapiga kura wa Lang'ata walimchagua mtu yule yule mara mbili ndani ya mwaka mmoja.

Sheria yenyewe ina historia ambayo haipaswi kupitwa. Ilipitishwa kwa haraka mwezi Aprili 1966, katika kipindi cha siku chache, ili kuwabana wabunge waliokuwa wamemfuata Jaramogi kutoka KANU kwenda KPU. Wote walilazimika kurudi kwa wapiga kura katika ule uliokuja kuitwa Uchaguzi Mkuu Mdogo, na kati ya viti 29 vilivyoshindaniwa, KPU ilirudi na 9 tu. Miaka 30 baadaye, sheria iliyotungwa kumkomoa baba ndiyo iliyomrudisha mwana kwa wapiga kura wake. Tofauti ni kwamba safari hii wapiga kura walikubali kuhama naye.

Raila aliwakilisha Lang'ata kwa vyama vingapi?

Vinne, ukihesabu muungano kama chama: FORD-Kenya mwaka 1992, NDP mwaka 1997, muungano wa NARC mwaka 2002 akitokea chama cha LDP, na ODM mwaka 2007. Katikati ya hapo, Machi 2002, NDP iliungana na KANU katika mkutano wa Kasarani na Raila akawa Katibu Mkuu wa chama kile kile kilichomweka kizuizini, kabla ya kukihama miezi michache baadaye na kumuunga mkono Mwai Kibaki. Hakuna kati ya mageuzi hayo lililomgharimu kiti.

Mzozo wa kodi za nyumba wa 2001 ulihusianaje na siasa za ubunge?

Ulihusiana kwa karibu sana, na hapa inabidi jibu liwe refu kidogo.

Kibera imejengwa juu ya ardhi ambayo serikali imedai ni yake. Wenye nyumba, ambao wengi wao walikuwa Wanubi pamoja na watu kutoka jamii nyingine, hawakuwa na hatimiliki. Walikuwa na vyumba vya udongo na mabati walivyojenga kwa idhini ya machifu au kwa urithi wa wazazi wao. Wapangaji walikuwa wengi kuliko wenye nyumba kwa mbali. Mbunge anayetegemea kura za eneo la namna hii anategemea kura za wapangaji, na hilo ni kweli bila kujali jina lake.

Mwishoni mwa 2001, wakati NDP ilikuwa ikishirikiana na KANU na Raila alikuwa Waziri wa Kawi, Rais Moi na Raila walisema hadharani kwamba kodi za Kibera zilikuwa za juu kupita kiasi na zilifaa kupunguzwa. Wapangaji walilichukua neno hilo kama amri. Wengine walikataa kulipa, wenye nyumba wakajaribu kuwafukuza, na mapigano yakazuka. Watu kadhaa waliuawa, wanawake walidhulumiwa, na maelfu walikimbia nyumba zao. Kwa Wanubi lilikuwa jeraha, kwa sababu walihisi kwamba hesabu ya kura ndiyo iliyoamua nani asikilizwe.

Kovu hilo lilibaki katika siasa za eneo hili kwa muda mrefu. Ndiyo maana tukio la Juni 2017, Rais Uhuru Kenyatta alipowakabidhi wazee wa Kinubi hatimiliki ya ardhi ya jamii ya ekari 288, miezi miwili tu kabla ya uchaguzi, lilipokelewa kwa machozi na baadhi ya watu na kwa mashaka na wengine. Ekari 288 ni sehemu ndogo ya zaidi ya ekari 4,000 zilizotengwa wakati wa ukoloni. Hata hivyo ilikuwa karatasi ya kwanza.

Kwa nini kiti cha Lang'ata kilikuwa na uzito wa kipekee mwaka 2007?

Kwa sababu chini ya katiba ya zamani mtu hangeweza kuwa Rais bila kuwa pia mbunge wa kuchaguliwa. Masharti yalikuwa matatu: ashinde kura nyingi kuliko wenzake nchini, apate angalau asilimia 25 ya kura katika mikoa isiyopungua 5 kati ya 8, na ashinde kiti cha ubunge. Kwa hiyo mpinzani wa Raila hakulazimika kumshinda nchi nzima. Angemshinda Lang'ata tu, ndoto ya Ikulu ingekwisha hapo.

Chama cha PNU cha Rais Kibaki kilimsimamisha Stanley Livondo, mfanyabiashara, na kampeni ikawa ya pesa nyingi na ya joto kali. Wafuasi wa ODM waliona kila kibanda cha Lang'ata kama mlango wa Ikulu. Siku yenyewe, tarehe 27 Desemba 2007, Raila alifika kituoni Kibera akaambiwa jina lake halionekani katika sajili ya wapiga kura. Ilibidi tume ya uchaguzi iingilie kati ndipo akarudi baadaye na kupiga kura. Kwa umati uliokuwa pale, hiyo ilikuwa dalili ya mambo yatakayokuja. Alikitwaa kiti cha ubunge, lakini tarehe 30 Desemba Kibaki alitangazwa mshindi wa urais na kuapishwa jioni hiyo hiyo.

Kibera ilipatwa na nini baada ya matokeo hayo?

Moto, mauaji na utengano wa mitaa kwa makabila. Soko la Toi, ambalo lililisha maelfu ya familia kwa mitumba na mboga, liliteketezwa. Mwezi Januari 2008 vijana waling'oa sehemu ya reli inayopita katikati ya Kibera, ile ile inayobeba mizigo kutoka Mombasa kuelekea Uganda, hivyo ghadhabu ya eneo bunge moja ikafika mpaka Kampala. Kote nchini waliouawa walizidi 1,100. Baada ya mapatano ya Kibaki na Raila ya tarehe 28 Februari 2008, mbunge wa Lang'ata akawa Waziri Mkuu wa Kenya.

Mwandishi anaona si haki kuwaeleza wakazi wa Kibera kama watu wa fujo kwa sababu ya wiki hizo. Waliopoteza vibanda, vitanda na watoto ni hao hao, na wengi walizima moto wa majirani wa kabila jingine huku wao wenyewe wakitishwa.

Kwa nini Lang'ata iligawanywa?

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliongeza maeneo bunge kutoka 210 hadi 290. Nairobi, ambayo ilikuwa na watu wengi na wabunge wachache, ilipanda kutoka viti 8 hadi 17. Kazi ya kuchora mipaka iliangukia tume ya uchaguzi, IEBC, iliyotumia sensa ya 2009.

Kwa Lang'ata ya zamani, mstari uliochorwa ulifuata pia tofauti ya maisha. Kibra ilipewa wadi 5: Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course. Lang'ata mpya ikabaki na Karen, Nairobi West, Mugumo-ini, South C na Nyayo Highrise. Kila upande ulikuwa na watu karibu 180,000, lakini Kibra iliwabana katika takriban kilomita za mraba 12, ilhali Lang'ata ilienea kwenye karibu 197, zaidi ya nusu yake ikiwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ambako wakazi ni simba na pundamilia.

Sensa hiyo hiyo ya 2009 ilileta mabishano mengine. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi. Waliohesabiwa walikuwa takriban 170,000. Wengi walilalamika kwamba hesabu ilikuwa ndogo mno, lakini ndiyo iliyotumika kuamua kwamba Kibra inastahili mbunge mmoja na wala si watatu.

Ken Okoth alikuwa nani, na kwa nini hutajwa kwa heshima namna hiyo?

Alikuwa mbunge wa kwanza wa Kibra, wa ODM, aliyechaguliwa mwaka 2013 na tena 2017. Alizaliwa na kulelewa Kibera, akasoma Starehe Boys' Centre kwa msaada wa karo, kisha akasomea Marekani. Kabla yake eneo hili lilikuwa limewakilishwa kwa miongo miwili na kiongozi wa kitaifa ambaye kazi yake ilikuwa nchi nzima. Okoth alijifunga kwa jambo moja, elimu: alizielekeza fedha za maendeleo ya eneo bunge kwenye madarasa na basari, na kila mara alisema kwamba kilichomtoa Kibera ni shule, si siasa.

Mapema 2019 alitangaza hadharani kwamba anaugua saratani ya utumbo mpana. Alifariki tarehe 26 Julai 2019, akiwa na umri wa miaka 41. Mwombolezaji yeyote aliyekuwa Kibra siku zile anakumbuka wanafunzi waliosimama kando ya barabara wakiwa na sare zao.

Uchaguzi mdogo wa Kibra wa 2019 uliendaje?

Ulifanyika tarehe 7 Novemba 2019, ukiwa na wagombea 24. ODM ilimsimamisha Imran Okoth, nduguye marehemu. Jubilee, chama cha Rais Kenyatta, ilimsimamisha McDonald Mariga, mwanakandanda aliyechezea Inter Milan. ANC ilimsimamisha Eliud Owalo, aliyewahi kuwa msaidizi wa karibu wa Raila. Imran alipata kura 24,636, Mariga 11,230 na Owalo 5,275.

Safari ya Mariga ilianza kwa kikwazo: msimamizi wa uchaguzi alikataa karatasi zake kwa maelezo kwamba jina lake halikuwa katika sajili ya wapiga kura. Kamati ya IEBC ya kutatua mizozo ilimruhusu baadaye. Wengi waliuliza kama mgombea ni lazima awe amejiandikisha katika eneo bunge analowania. Jibu ni hapana. Katiba inamtaka awe mpiga kura aliyesajiliwa Kenya, basi.

Uzito wa uchaguzi huo haukuwa Kibra peke yake. Raila na Rais Kenyatta walikuwa wamepatana na kupeana mkono tarehe 9 Machi 2018, na Jubilee ikawa imegawanyika. Rais alimpokea Mariga Ikulu na kumvisha kofia ya chama, lakini waliotembea vichochoroni kumpigia debe walikuwa watu wa Naibu Rais William Ruto, huku baadhi ya viongozi wa Jubilee wakimuunga mkono Imran waziwazi. Raila aliiita Kibra chumba chake cha kulala, akimaanisha kwamba mtu haingii chumbani mwa mwenzake. Matokeo yalimpa haki. Hata hivyo takwimu mbili zinahitaji kusomwa pamoja na ushindi huo: waliojitokeza walikuwa karibu theluthi moja tu ya waliosajiliwa, na mgombea wa Jubilee asiye na mizizi ya kisiasa alipata zaidi ya kura 11,000 katika chumba hicho.

Jambo jema la siku hiyo ni kwamba kabla ya matokeo ya mwisho kutangazwa, Mariga alimpigia Imran simu akampongeza. Ghasia za asubuhi zilikuwapo, lakini usiku haukuwa na moto.

Lang'ata yenyewe imepigaje kura tangu 2013?

Kwa kubadilika. Mwaka 2013 ilimchagua Joash Olum wa ODM. Mwaka 2017 ikamchagua Nixon Korir wa Jubilee, jambo ambalo miaka mitano kabla lingeonekana muhali. Mwaka 2022 ikarudi ODM kupitia Phelix Odiwuor, mtangazaji na mchekeshaji maarufu kwa jina la Jalang'o, aliyemshinda Korir. Mapema 2023 Odiwuor alivutana na chama chake baada ya kwenda Ikulu kuonana na Rais Ruto. Mgawanyo wa 2012 ulizitenga kura za Kibera, na bila hizo Lang'ata imekuwa kiti cha ushindani wa kweli.

Na Kibra mwaka 2022?

Peter Orero wa ODM, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya upili, alishinda. Tangu eneo bunge hilo liundwe, ODM haijawahi kulipoteza.

Je, kuna mwanamke aliyewahi kuchaguliwa mbunge wa Lang'ata au wa Kibra?

Hadi uchaguzi wa 2022, hapana.

Mipaka hii itabadilishwa lini?

Katiba inaitaka tume ipitie mipaka kila baada ya miaka isiyopungua 8 na isiyozidi 12. Kwa kuwa mipaka ya sasa ni ya Machi 2012, muda huo ulikwisha Machi 2024, wakati ambapo IEBC haikuwa na makamishna. Waliapishwa Julai 2025. Katiba hiyo hiyo inasema kwamba mapitio yakikamilika ikiwa imebaki chini ya miezi 12 kufikia uchaguzi mkuu, mipaka mipya haitatumika katika uchaguzi huo. Uchaguzi mkuu ujao ni wa Agosti 2027.

Utakuwa pia uchaguzi mkuu wa kwanza tangu Raila Odinga afariki, tarehe 15 Oktoba 2025. Kwa mara ya kwanza tangu 1992, wapangaji wa Laini Saba, Lindi na Sarang'ombe watapanga foleni ya uchaguzi mkuu bila yeye kuwapo.